Kivuli cha Lami

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu redio niliyokuwa nimeitengeneza ilikuwa mezani kibandani kwangu, taarifa ya habari imekwisha punde, na mwenye redio amesimama mbele yangu akisikiliza kama sauti imenyooka. Ng'ambo ya barabara, fundi rangi aliegemeza ngazi yake kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, akapanda na kopo la rangi nyeusi, akaanza kuchora kivuli cha mtu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, hapa Nachingwea. Nilikuwa nimemjua miaka mingi kabla ya asubuhi ile, na niliendelea kumjua miaka mingi baadaye, lakini kila nikimkumbuka naanzia pale kwenye ngazi.

Mji mzima ulimwita fundi rangi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na mazoea ya kufutia brashi kwenye paja la kushoto la suruali. Kwa hiyo mguu mmoja wa suruali ulikuwa mgumu kama bati na mwingine laini, na ukikaa kibandani kwangu ulimsikia anakuja kabla hujamwona. Aliandika majina ya maduka, mashine za kusaga, zahanati na hoteli za chai, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa. Lakini kazi aliyoiheshimu ilikuwa tangazo. Jina la duka, alisema, mtoto yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kuliandika. Tangazo linahitaji mtu anayejua wenzake wanaogopa nini.

Elimu hiyo aliipata ndani ya makabati. Ujanani aliajiriwa kupaka rangi upya nyumba zilizojengwa na Waingereza wa mashamba ya karanga. Wenyewe walikuwa wameondoka zamani, reli imeng'olewa, na nyumba zimegawiwa watumishi wa serikali. Rafu na droo za makabati yale zilikuwa zimetandikwa magazeti ya zamani. Wenzake waliyakwangua na kuyachoma. Yeye aliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu, akayabandua taratibu, akayaanika juani na kuyapeleka kwake. Baadaye akaongeza magazeti ya Kiswahili ya miaka ya sitini na sabini aliyofungiwa nyama na sukari. Habari hakuzihifadhi. Alikata matangazo tu, akayabandika kwenye ukuta wa chumba chake, toka sakafuni mpaka darini. Kiingereza chake chote, na hakikuwa kidogo, alikitoa kwenye ukuta ule.

Mara ya kwanza aliponiingiza humo nilidhani ni mapambo. Akanisimamisha mbele ya tangazo la unga wa meno. Kulikuwa na kopo la unga, na kando ya kopo amesimama askari polisi mwenye kaptura.

"Mwanangu wa redio," alisema, "askari na meno wapi na wapi?"

Nikamwambia labda askari alikuwa na meno mazuri.

"Amefunga mdomo. Tazama. Hayo meno huyaoni." Akagonga karatasi kwa kucha. "Tangazo hili limetoka wakati nchi ya jirani ina ghasia, watu wanakimbilia msituni, wazungu wanalala na bunduki. Mwenye unga hakusema unga wangu unasafisha. Alisema, najua mnaogopa, na mimi niko upande wa anayelinda. Ukishamwamini kwenye hofu, meno utabisha nini?"

Kisha akanipitisha ukuta mzima kwa utaratibu wake. Hili la benki, lilitolewa uhuru ulipokaribia, likiwashauri wenye maduka waweke fedha mahali ambapo "mabadiliko" hayafiki. Hili la tochi, la miaka ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma, likiuliza kama utamtambua anayebisha hodi. Hili la dawa ya nguvu lilionyesha mwanamume mnene na mwembamba, na likasema taifa changa lina maadui wengi, halimhitaji mtu dhaifu. Katika kila moja alinionyesha kitu kilekile: juu, kwa herufi ndogo, jambo la kweli ambalo kila msomaji alikwisha kulisikia na kulihofia, chini, kwa herufi kubwa, bidhaa. Kweli ya juu ndiyo iliyoidhamini bidhaa ya chini.

"Na bidhaa ikiwa mbovu?" nikamuuliza.

"Wengi hawaoni. Wanakumbuka tu kwamba huyu bwana alisema kweli."

Nami ni mtu niliyejisomea mwenyewe. Umeme niliujua kwa vitabu vya kuazima, na ninaposikia jambo hupenda kulipima. Kwa miaka miwili mitatu nilikuwa nakwenda chumbani kwake siku za Ijumaa mchana kubishana naye. Sikuweza kumshinda. Nikitaja tangazo lisilo na hofu ndani yake, alinionyesha hofu mahali nilipokuwa sijatazama.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuogopa kitu. Chumba chake hakikuwa na kufuli. Mlangoni paliningʼinia kitenge cha marehemu mkewe. Meno alisafisha kwa mkaa na chumvi. Hakununua kitu chochote alichokitangaza, na akinywa chai kibandani kwangu aliuliza kwanza ni majani gani, na kama ni yale aliyoyachora ukutani alisema basi nipe maji ya moto tu. Vyama vilipoanza, vyote vilimfuata. Vilikuwa na fedha, na yeye hakuwa na kitu. Alivikataa vyote.

"Mwenye duka akitisha watu, mwisho wa yote anawapa kufuli au sabuni," alisema. "Hawa wanatisha, halafu mkononi hawana kitu. Mimi bila bidhaa pale chini siandiki."

Nilicheka siku ile. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye msimamo, na nilimwona hivyo.

Sasa niseme alivyofanya kazi, maana bila hilo jambo la kivuli halieleweki. Fundi rangi hakuweza kuchora mtu kutoka kichwani. Akijaribu, mikono ilitoka kama michi. Ilimlazimu amtazame mtu aliye hai. Hakumwomba asimame, alikaa mahali, akamwangalia anavyopita siku tatu, siku nne, kisha akaenda kumweka ukutani. Na mji ulijua. Ukawa mchezo wetu. Tangazo jipya likitokea, watu walisimama kushindana kutambua nani katazamwa. Mkono ulioshika kikombe kwenye hoteli ya stendi ulikuwa wa mama mpika vitumbua, kwa alama ya kuungua. Miguu ya tangazo la viatu ilikuwa ya katekista wa Mnero, na vijana walimtania kwamba amebatizwa tena, safari hii kwa rangi. Hata asiyejua kusoma alishiriki, na wazee wengi wa vijijini, ambao Kiswahili cha maandishi kiliwapa tabu, ndio waliokuwa hodari kuliko sisi. Hawakusoma maneno kabisa. Walisoma miili.

Mwaka ule wa uchaguzi, mwenye duka la vifaa alikuwa na kreti za kufuli ambazo hazitoki. Akamwita. Mazungumzo yao niliyasikia, kwa kuwa yalifanyika barabarani.

"Andika kufuli zetu ni imara," alisema mwenye duka.

"Kila kufuli ni imara mpaka siku inapovunjwa. Nani atakuamini?"

"Sasa unataka niseme nini, mzee? Niwaimbie?"

"Watu wanasema nini dukani kwako?"

"Wanasema vyama vingi ni vita. Wanasema itakuwa kama ng'ambo. Kila siku hayohayo, na kununua hawanunui."

"Basi umeshaliandika tangazo mwenyewe," alisema fundi rangi.

Hofu ile haikuwa ya kubuni. Watu wa kwetu walikuwa wameziona ndege za Wareno, na wengi waliwapokea ndugu waliovuka mto na mtoto mgongoni na hawana kingine. Kwao vita lilikuwa jambo la jirani. Fundi rangi aliandika juu, kwa herufi ndogo: TUMEWAONA WALIOKIMBIA VITA. Chini, kwa herufi kubwa: FUNGA MLANGO WAKO. Katikati akachora mlango ulioachwa wazi, na kwenye kizingiti kivuli cha mtu mwenye mzigo begani. Ili weusi uwe mzito alichanganya rangi na lami aliyoichota kwenye mapipa yaliyoachwa uwanja wa ndege. Kilipendeza, lazima nikiri. Ukipita jua likiwa kali ulihisi mtu kweli amesimama pale.

Siku ya pili wanawake wawili wa Lionja waliokuwa wakiuza muhogo walitua mizigo yao mbele ya ukuta.

"We! Huyu si mzee wa vinu?"

"Hebu. Ndiye, bega ndilo lenyewe! Limeshuka lilelile la kushoto."

"Kumbe na yeye ni mwizi?"

Wakacheka sana, na mimi nilicheka pamoja nao.

Mzee wa vinu alikuwa mchongaji wa Marambo. Alikuwa amevuka Ruvuma kijana na kukaa kwetu zaidi ya miaka ishirini. Alichonga vinu, michi na mipini ya majembe, akavibeba begani kwenda kuuza Nachingwea na minada ya Ruangwa. Kwa mzigo huo wa miaka bega la kushoto likashuka, na hata akitembea mikono mitupu alionekana amebeba. Kiswahili alikisema kwa shida na kwa furaha. Alipoambiwa alikuja kujitazama. Alisimama muda, akageuka upande kulinganisha bega, akaniita toka ng'ambo ya barabara:

"Fundi redio! Mimi leo mtu mkubwa! Nimepakwa rangi!"

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona anacheka.

Sijui niseme lini mchezo uligeuka. Hapakuwa na siku moja. Kwanza watoto walimkimbia, kwa utani, kisha si kwa utani. Halafu mama mmoja aliyekuwa amemwagiza kinu alisema hakihitaji tena. Kampeni zilipopamba moto, maneno yakaanza kwamba wapo watu waliotumwa kutoka ng'ambo kuharibu uchaguzi. Nani kawaona? Hakuna. Lakini kila mtu alikuwa na sura tayari kichwani, kwa sababu ilikuwa ukutani, na iliwekwa pale na mtu anayesema kweli. Njia ya Mnero mgambo walimsimamisha, wakamwambia ageuze kinu waone ndani kuna nini. Akageuza. Wakamwambia atikise. Akatikisa. Mmoja wao, niliyemtengenezea redio, alinieleza mwenyewe: "Kilikuwa kitupu, fundi. Lakini kinu kikubwa kile, ukitaka kuweka kitu si kinaingia?"

Mzee wa vinu alikuja kibandani kwangu, akamkuta fundi rangi anakunywa chai. Hakukaa.

"Fundi," alisema. "Nifute."

"Mzee wangu, ule si wewe. Ni kivuli tu."

"Mimi najua si mimi. Watu hawajui." Akaonyesha ukuta ng'ambo ya barabara. "Marambo wananiuliza, we lini unarudi kwenu? Mimi kwetu wapi? Mke wangu wa hapa, mtoto wangu wa hapa. Nifute, fundi. Kabla ya kura."

Fundi rangi alisimama saa ileile akavuka barabara, chai akaiacha. Nilimwona anazungumza na mwenye duka, kisha nikamwona mwenye duka anatikisa kichwa na kuonyesha rafu. Kufuli zilikuwa zimekwisha zote, na nyingine zilikuwa njiani kutoka Mtwara. Ukuta ni wake, alisema, tangazo amelilipia, na kivuli kikifutwa litabaki nini? Subirini uchaguzi upite. Fundi rangi akarudi, akamwambia mzee wa vinu asubiri kidogo, siku hizi zitapita. Angeweza kupanda ngazi asubuhi na mapema akafuta bila ruhusa. Angegombana na tajiri mmoja. Badala yake alikaa, akamaliza chai iliyopoa.

Mzee wa vinu alitutazama wote wawili, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Siku chache kabla ya kura tulisikia amehama Marambo na familia yake, wamepita njia ya Masasi kuelekea Ruvuma. Kura zikapigwa kwa utulivu. Hakuna mlango uliovunjwa.

Wiki ileile fundi rangi alifuta tangazo. Alipaka rangi nyeupe ya mafuta mara mbili, kwa fedha yake, ukuta ukawa safi. Masika yalipopita, nikifungua kibanda asubuhi, nikamwona mtu amesimama ukutani. Alikuwa wa kahawia sasa, kama doa la chai, lakini bega lilikuwa palepale. Nikamwita fundi rangi. Aligusa ukuta kwa vidole, akanusa.

"Lami," alisema. "Lami hupenya kila kitu. Nilijua, nikasahau."

Akapaka tena. Mwaka uliofuata kikarudi. Akakwangua kwa msasa, akaziba kwa saruji, akapaka. Kikachelewa, kisha kikarudi. Miaka ikaenda hivyo. Kila mvua zikiisha nilimwona anakuja na ngazi bila kuitwa. Mji ulikwisha kusahau tangazo lilihusu nini, na watoto waliozaliwa baadaye waliamini ukuta ule una shetani wake. Mwenye duka alikufa, mwanawe akauza simu. Fundi rangi aliendelea kuchora, lakini watu hakuchora tena. Alichora vikombe, mabati, taa. Ukutani kwake matangazo yalibaki, ila lile la tochi alikuwa amelibandua na kuligeuza, maandishi yakatazama ukuta. Ijumaa tuliendelea kukaa, hatukubishana tena. Mara moja tu alisema, bila mimi kuuliza, "Nilidhani kweli ni ile ya juu. Kumbe watu waliisoma ya katikati." Kisha akazungumzia bei ya brashi.

Alihamia Ruangwa kwa mtoto wa dada yake, miaka ya elfu mbili ikiwa katikati. Mabango ya kuchapishwa yalikuwa yanaletwa na magari kutoka Dar es Salaam, yenye wasichana wanaocheka na simu sikioni, na kazi ya mkono ilikuwa imebaki kidogo. Nilikwenda kumsalimu nilipofuata vipuri. Nilimkuta barazani, amezeeka, paja la suruali bado gumu. Hatujamaliza kujuliana hali, akaingia mwanamke wa makamo ya miaka thelathini, amejitanda khanga, amebeba ubao chini ya kwapa.

"Shikamoo babu. Shikamoo baba. Nimeambiwa hapa yupo fundi wa kuandika."

"Marahaba. Unauza nini, binti?"

"Vinu, na mipini. Nina meza pale sokoni. Vijana wanapita wanatazama simu tu, hawanioni."

Fundi rangi alicheka kidogo. Akauchukua ubao, akaupapasa kama umepigwa randa vizuri, akauliza nani anachonga.

"Mume wangu. Alifundishwa na baba yangu."

Mkono uliacha kupapasa. Nilitazama barabarani, maana sikutaka kumwona uso.

"Baba yako," alisema, "alikuwa na bega la kushoto lililoshuka."

"Ndiyo."

"Basi ujue unaongea na nani. Mimi ndiye niliyemchora."

"Najua, babu." Hakupandisha sauti. "Waandishi wapo wawili wengine, na wana bei nafuu. Nilitaka nikuone."

"Yuko wapi?"

"Alifia ng'ambo. Kule nako walimwita Mtanzania, wakawa hawanunui. Mama akanirudisha." Alikaa kwenye ukingo wa baraza. "Hakukutukana. Alikuwa akisema, mji ule wote ulimwona kila siku kwa miaka, lakini aliyemtazama sawasawa ni wewe peke yako. Hilo ndilo lilimsumbua. Alisema, kama angenichora mtu asiyenijua, ningeelewa."

Fundi rangi akauweka ubao magotini, akauliza amwandikie nini.

"Andika VINU. Basi."

"Hakuna la juu?"

"La juu la nini? Kinu ni kinu."

Akaandika VINU, kwa rangi nyekundu, polepole. Hakuweka picha. Alipomaliza alikataa malipo; mwanamke akaweka noti barazani na jiwe juu yake, akasema yeye hachukui kazi ya mtu bure. Ubao ukaachwa ukauke. Tulikaa watatu tukiutazama, na hapo ndipo fundi rangi alipomuuliza, bila kumtazama:

"Mlipoondoka Marambo, mliacha nini?"

Mwanamke alifikiri. Nyumba ilikuwa ya miti, alisema, hiyo haina hesabu. Shamba lilikuwa la kuazima. Lakini nyuma ya nyumba baba yake aliacha vinu alivyokwisha kuvichonga kwa ajili ya mnada, kumi na tisa, hakuna aliyetaka kuvinunua wala kumbebea, na baadaye walisikia vimechomwa tanuru la matofali. Siku zile kinu kimoja kilikuwa shilingi elfu mbili. Akahesabu kwa midomo, kama wafanyavyo wauzaji, akamgeukia.

"Elfu thelathini na nane, babu."